Majina ya Ateri za Tumbo

Neno "mshipa" hutumika kwa njia ya damu, kwa neva na hata kwa ngiri. Mfasiri wa kitabu cha uganga afanyeje?

Historia yatufunza. Katika karne ya 18 Albrecht von Haller, mwanaanatomia wa Uswisi, alieleza shina fupi litokalo kwenye aota na kugawanyika matawi matatu: la tumbo la chakula upande wa kushoto, la wengu na la ini. Mawili ya mwisho nayo hupeleka vitawi tumboni. Shina hilo likaitwa kwa jina lake, likifananishwa na kigoda cha miguu mitatu. Sisi tungesema mafiga. Jina hilo lilimtukuza mtu, lakini halikumwonyesha mwanafunzi damu iendako. Mwaka 1895, huko Basel, wanaanatomia walipunguza maelfu ya majina yaliyorundikana, wakaacha majina ya watu na kutaja mahali kiungo kilipo.

Nasi twapendekeza njia hiyo: ateri ya wengu, ateri ya ini, ateri ya kushoto ya tumbo la chakula. Ni majina marefu, lakini mpasuaji hatapotea.