Mti wa Gloucester: mnara wa kulinda moto wenye ungali na mizizi

Tukisema mnara wa kulinda pori juu ya moto, wengi wanawaza nguzo za chuma ama kanyumba kadogo juu ya kilima. Lakini kusini-magharibi mwa Australia, karibu na mji mdogo wa Pemberton, mnara wenyewe ni mti mzima, wenye ungali unaota. Unaitwa Mti wa Gloucester, na wageni wanautembelea mpaka leo.

Ni mti gani?

Ni karri, jina lenye linatoka katika luga ya Wanoongar, wenyeji wa kule. Karri ni jamaa moja na kalitusi zetu zenye tunapanda huku Kivu kwa ajili ya mbao na makala. Kalitusi asili yake ni Australia. Tofauti ni urefu: karri inaweza kupita metre 80. Kila mama mwenye aliisha kuwasha moto na majani makavu ya kalitusi anajua namna yanashika haraka, juu ya mafuta yenye iko ndani. Sasa uwaze pori nzima ya miti ya namna hiyo wakati wa joto kali na upepo.

Kwa nini walipanda juu ya mti?

Kule hakuna milima mirefu kama ya kwetu. Ukisimama juu ya kilima, miti bado inakuzidi na hauone kitu. Ndiyo maana, kati ya mwaka 1937 na 1952, watu wa kazi ya misitu walichagua karri nane kubwa, wakazigeuza minara.

Kwa mti huu, Jack Watson ndiye alitangulia kupanda kuangalia kama unafaa. Alikuwa na viatu vya kupandia na mukaba tu. Kupanda metre 58 na kushuka kulimuchukua saa sita. Nyuma yake George Reynolds, fundi wa shoka, alikata matawi na kupigilia ngazi kuzunguka shina. Wakati alikuwa juu anafanya kazi, Duke wa Gloucester, gavana mkuu wa Australia wa wakati ule, alikuja kutembelea na akamuangalia. Jina la mti lilitoka hapo. Kibanda cha mbao kilijengwa juu mwaka 1947.

Mlinzi alikuwa anafanya nini?

Kazi yake ilikuwa kutafuta moshi. Akiuona, anapima uko upande gani, halafu anapiga simu. Mlinzi wa mnara mwingine naye anapima upande wake. Ofisini wanachora mistari miwili juu ya karte: pale inapokutana ndipo moto uko. Mlinzi mmoja peke yake anajua upande tu, hajui umbali. Wawili ndio wanaonyesha mahali kamili.

Lakini mnara ni macho tu, hauzime moto. Mwezi wa kwanza 1961, katika jimbo hilohilo, moto uliteketeza mji wa Dwellingup. Kwa bahati hakuna mtu alikufa. Nyuma ya pale, serikali iliongeza nguvu katika kazi ya kuchoma majani makavu kidogo kidogo wakati wa baridi, ili kiangazi kikifika moto usikute chakula kingi. Baadaye ndege ndogo zilichukua nafasi ya walinzi wa juu ya miti.

Ukifika kule

Kibanda cha mbao kilibomolewa mwaka 1973 kwa usalama, wakaweka cha chuma na aluminiamu. Leo mgeni anakanyaga vyuma 153 vyenye vimezunguka shina mpaka metre 53. Kati ya chuma na chuma ni wazi, unaona chini yote. Wageni wengi wanarudilia njiani, na hiyo haiko haya. Uvae viatu vyenye haviteleze, mikono iwe mitupu, na usipande kama mvua imenyesha. Kwanza uulize watu wa park kama ngazi iko wazi, kwani wakati fulani inafungwa kwa matengenezo. Mwenye kuogopa anaweza kubaki chini na kutembea katika pori.

Na sisi huku?

Hapa kwetu milima iko tayari, na watu wako juu yake kila siku: wachungaji, walimaji, wachoma makala. Kiangazi kikifika, moto wa malisho unatoroka na kuingia katika mashamba ya jirani. Mwenye kuuona wa kwanza, mara nyingi ni mtu mwenye simu mfukoni. Basi usiseme tu "kuna moshi kule". Uambie shefu wa kijiji jina la mlima, umesimama wapi, na upepo unaenda upande gani. Halafu jirani wa mlima wa pili naye aseme yake.