Giaboksi ya Kuazima

Watu wengi watazamapo mashindano ya motokaa husifu vitu viwili tu: ujasiri wa dereva na nguvu za injini. Ni wachache wakumbukao kwamba kati ya injini na magurudumu pana kitu cha tatu, kilichofichwa ndani ya kasha na kuloweshwa mafuta, ambacho kikishindwa kazi dereva na injini hawana la kufanya. Kitu hicho ni giaboksi. Mwaka 1959 ubingwa wa dunia wa mbio za motokaa uliamuliwa kwa sehemu kubwa na giaboksi, na habari za mwaka huo zina mafunzo kwa kila mtu anayetaka kukitengeneza upya kitu kilichotengenezwa na mwingine.

Kwanza yafaa tufahamu kazi ya chombo chenyewe. Msomaji aliyewahi kuliona lori lenye shehena likipanda kutoka Bonde la Ufa amesikia jinsi dereva anavyobadili gia, na jinsi injini inavyonguruma kwa kasi hali lori lenyewe likienda polepole. Sababu yake ni hesabu rahisi. Gurudumu lenye meno 15 likiliendesha gurudumu lenye meno 45, la kwanza litazunguka mara tatu ndipo la pili lizunguke mara moja. Kasi imepungua hata kuwa theluthi, lakini nguvu ya kuzungusha, tukiacha ile inayopotea kwa msuguano, imeongezeka mara tatu. Giaboksi haiumbi nguvu mpya. Huibadilisha kasi iwe nguvu ya kuvuta, au nguvu ya kuvuta iwe kasi, kama njia inavyotaka.

Katika mashindano, haja hiyo ni kali zaidi. Injini ya mbio haitoi nguvu zake sawasawa wakati wote, bali huzitoa ikizunguka upesi sana. Tuseme injini fulani hufanya kazi vyema kati ya mizunguko 5,000 na 6,500 kwa dakika. Ikiwa ina gia tatu zilizoachana sana, dereva akipandisha gia mizunguko itaanguka hata 4,000, na motokaa itakuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Gia zikiwa nne au tano, tena zimekaribiana, mizunguko itaanguka hadi 5,000 tu, na motokaa itaendelea kuvuta bila kulegea. Kwa hiyo mafundi wa mbio hawaridhiki na gia za kiwandani. Huongeza idadi yake, huzikaribisha, na huzichagua kwa kufuata uwanja, kwa kuwa gia zifaazo katika vichochoro vya Monaco si zile zifaazo katika njia ndefu zilizonyooka za Monza.

Sasa tuwatazame Charles Cooper na mwanawe John, waliokuwa na karakana huko Surbiton, karibu na London. Mwaka 1946 waliunda motokaa ndogo ya mashindano kwa kutumia injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 500. Injini hiyo iliyazungusha magurudumu ya nyuma kwa mnyororo, na kwa kuwa mnyororo haupendi kwenda mbali, waliiweka injini nyuma ya dereva. Hawakukusudia kuleta mapinduzi. Walifuata tu njia nyepesi. Lakini walipotaka kutumia injini kubwa zaidi, mnyororo haukutosha tena. Walihitaji giaboksi iliyounganishwa pamoja na mtambo wa kugawa nguvu kwa magurudumu mawili, vyote katika kasha moja dogo. Kuunda chombo kama hicho tangu mwanzo kungewagharimu fedha nyingi, nao hawakuwa matajiri.

Waliipata haja yao katika motokaa ya watu wa kawaida. Citroën Traction Avant ya Ufaransa, iliyotokea mwaka 1934, iliendeshwa kwa magurudumu ya mbele, na kwa sababu hiyo giaboksi yake ilikuwa imekwisha kuunganishwa kwa namna waliyoitaka. Iligeuzwa, ikawekwa nyuma. Giaboksi hiyo ilikuwa na gia tatu tu za kwenda mbele, lakini karakana moja ya Ufaransa, iliyoitwa ERSA, ilikuwa ikitengeneza seti ya gia nne za kuingia ndani yake. Mwaka 1955 Cooper walitoa motokaa ndogo ya spoti yenye giaboksi hiyo, pamoja na injini ya Coventry Climax ya sentimita za ujazo 1,098, ambayo asili yake ilikuwa injini ya pampu ya kuzimia moto. Basi motokaa iliyowatia hofu wapinzani ilikuwa na injini iliyotokana na zimamoto, na giaboksi ya baba wa familia aendaye sokoni.

Taabu ilianza injini zilipokua. Ile ya mwaka 1955 ilitoa nguvu za farasi zipatazo 75. Mwaka 1959 Coventry Climax walitoa injini ya lita mbili na nusu, yenye nguvu za farasi zipatazo 240. Injini ya kawaida ya Traction Avant haikufikia hata theluthi ya nguvu hizo. Je, punda aweza kubebeshwa mzigo wa ngamia?

Hapa yatupasa kujua jinsi giaboksi inavyovunjika. Gia mbili zinaposhikana kwa nguvu nyingi, hazizungushani tu. Husukumana pia, kila moja ikitaka kujitenga na nyingine. Kasha ndilo linaloshika shafti zisiachane. Likiwa jembamba hupinda kidogo, pengine kwa unene wa unywele, na meno yaliyokusudiwa kugusana kwa uso mzima hugusana kwa ukingo tu. Mzigo wote ukiangukia ukingo wa jino, jino hukatika. Na kipande chake kikinaswa kati ya meno mengine, giaboksi nzima huharibika. Tena kila gia inayoongezwa ndani ya kasha lile lile huzipunguzia nyingine nafasi ya kuwa nene. Fundi hupata gia ya nne, naye huilipia kwa uimara.

Mbele ya shida hii, watu wawili walishika njia mbili. Jack Brabham wa Australia, dereva wa Cooper, alikuwa pia fundi wa vyuma, na hakuona haya kuvaa ovaroli. Yeye na wenzake waliendelea na giaboksi ya kuazima, lakini walitafuta mahali pa udhaifu wake. Brabham mwenyewe alikwenda Paris kutaka makasha yamiminwe yakiwa manene zaidi na yenye mbavu za kuyakaza. Jino halikuguswa, ilikazwa nyumba iliyolishika jino. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Njia ya pili ilishikwa na Stirling Moss, Mwingereza ambaye wengi walimhesabu kuwa dereva hodari kuliko wote wa wakati huo. Alikuwa akiendesha Cooper ya Rob Walker, tajiri aliyekuwa na timu yake mwenyewe. Yeye na fundi wake mkuu, Alf Francis, hawakuiamini giaboksi ya Citroën mbele ya nguvu za farasi 240. Waliagiza giaboksi mpya kwa Valerio Colotti huko Modena, Italia, iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya mbio. Hatuwezi kuwalaumu. Kwa mtu anayefikiri juu ya karatasi, uamuzi wao ulikuwa na akili kuliko ule wa Brabham.

Tarehe 10 Mei 1959, huko Monaco, Moss alikuwa akiongoza. Katika mzunguko wa 81 kati ya 100 mtambo wa kupeleka nguvu ulimshinda, akasimama. Brabham akapita, akapata ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Siku 21 baadaye, huko Zandvoort katika Uholanzi, Moss aliongoza tena, na giaboksi ikamwangusha tena. Mwezi wa Agosti, huko Avus mjini Berlin, hakuumaliza hata mzunguko wa kwanza. Hata hivyo giaboksi ya Colotti haikuwa kitu bure, maana ilipokubali kufanya kazi Moss hakushikika: alishinda Ureno, akashinda Italia.

Ubingwa ulibaki kuamuliwa huko Sebring, Florida, tarehe 12 Desemba. Watatu walikuwa na tumaini: Brabham, Moss, na Tony Brooks wa Ferrari. Moss alitoka mbele kama mshale, lakini katika mzunguko wa tano kati ya 42 giaboksi ilikatika, na matumaini yake yakaishia hapo. Brabham aliongoza hata mzunguko wa mwisho, ndipo petroli ikamwishia. Alishuka, akaisukuma motokaa yake kwa mikono hadi mwisho wa safari, akawa wa nne. Bruce McLaren wa New Zealand, mwenzake katika timu ya Cooper, kijana wa miaka 22, alishinda. Hesabu ya mwisho ikawa hivi: Brabham pointi 31, Brooks 27, Moss 25 na nusu. Petroli ilikuwa imekwisha, mtu mwenyewe alikuwa amechoka hoi, lakini kasha lililokazwa mbavu lilikuwa zima.

Je, twaweza kusema kwamba chombo cha zamani ni bora kuliko kipya? La. Wenye Cooper wenyewe hawakufikiri hivyo. Walijua kwamba giaboksi ya Citroën ilikuwa imefika ukomo wa uwezo wake, na mwaka 1960 walileta yao wenyewe, yenye gia tano, iliyobuniwa na Owen Maddock na kutengenezwa na Jack Knight. Kwa giaboksi hiyo mpya Brabham alishinda mashindano matano mfululizo na kuutwaa ubingwa mara ya pili. Miaka ile ile, Mike Hewland, fundi wa Maidenhead, alilichukua kasha la giaboksi ya Volkswagen ndogo, akalipindua juu chini ili lifae kukaa nyuma ya injini, akatia ndani yake gia zake mwenyewe zilizoweza kubadilishwa kwa kufuata uwanja. Kutokana na mwanzo huo mdogo, katika miaka iliyofuata giaboksi zake zilikuwa katika motokaa nyingi za mashindano makubwa ya dunia.

Tofauti ya Brabham na Moss katika mwaka 1959 haikuwa tofauti ya uzee na upya. Chombo cha Brabham kilikuwa kimekwisha kuvunjika mara nyingi mbele ya watu waliokusanya vipande vyake, wakavitazama, wakauliza kila kimoja kimevunjikia wapi na kwa nini. Chombo cha Moss kilikuwa bado hakijaulizwa maswali hayo, na majibu yake yaliletwa siku ya mashindano yenyewe, hali dunia nzima ikitazama. Kijana atakayekuwa fundi wa mitambo, wa majengo au wa madaraja, na akumbuke kukitazama kila kipande kilichovunjika kabla hajakitupa.