Kiko cha Babu, Shisha ya Mjukuu

Muulize kijana anayevuta shisha kwa nini sigara anaikataa lakini shisha anaikubali. Jibu ni lile lile: "Shisha si kama sigara bwana, moshi wake unapita kwa maji, unasafishwa." Anadhani hilo ni jambo jipya. Kumbe maneno hayo yana umri wa miaka 400 hivi, na yafaa tujue yalikotoka.

Tumbaku haikujulikana katika nchi za Kiislamu zama za Mtume (s.a.w.) wala zama za Maimamu wanne. Ni mmea wa bara la Amerika. Watu wa safari ya Columbus waliwaona wenyeji wakiivuta mwaka 1492, na baada ya miaka kama 100 ilikuwa imeshafika Istanbul, Misri na Bara Hindi. Ndio maana hutaikuta kwa jina katika vitabu vya mwanzo vya fiqhi, na ndio maana ilipoingia ulamaa walivutana sana. Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri aliandika kuikataza. Sheikh Abd al-Ghani al-Nabulsi wa Damascus naye akaandika kitabu kuonyesha kuwa yafaa. Sultan Murad IV hakungoja vitabu: mwaka 1633 aliipiga marufuku na adhabu yake ikawa kifo. Na bado watu walivuta kwa kujificha! Katika madhehebu manne, jambo ambalo halikuleta ubishi ni kwamba anayevuta mchana wa Ramadhan amefungua.

Sasa haya ya maji. Inasimuliwa kwamba huko India, enzi za mfalme Akbar, tabibu wake Hakim Abu'l-Fath Gilani alishauri moshi upitishwe kwanza kwenye maji ili upungue ukali. Wako wanaoitilia shaka hadithi hiyo, kwa kuwa Hakim huyo alifariki mwaka 1589, na tumbaku imeandikwa kufika barazani kwa Akbar baada ya hapo. Lakini fikra yenyewe ilienea, mpaka kwetu pwani.

Ndiyo, kwetu! Leo tukisema "kiko" twafikiria kile kidude cha mzee wa Kizungu. Fungua kamusi ya Madan ya mwaka 1903 uone. Kiko cha Waswahili kilikuwa ni chombo kidogo chenye maji. Juu yake bori, yaani kikombe cha tumbaku na moto, kikiunganishwa na digali. Kisha shilamu ya kuvutia mdomoni. Hata ule mlio wa maji yakichemka ulikuwa na jina, malio. Sasa hiyo ina tofauti gani na shisha? Wametia ladha ya tufaha na taa za rangi, basi. Huku Ukambani wazee wengi waliijua tumbaku kwa njia ya ugoro, na hiyo nayo ina hesabu yake.

Wakati wa al-Laqani na al-Nabulsi hakuna aliyeweza kupima madhara, kila mmoja alisema kwa alivyoona. Kipimo kilikuja mwaka 1950. Richard Doll na Bradford Hill walichunguza wagonjwa wa hospitali za London, wakakuta saratani ya mapafu inaandamana na sigara. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha. Walifuatilia madaktari wa Uingereza tangu 1951, na ripoti ya miaka 50 iliyotoka 2004 ilionyesha kwamba wavutaji hufa kama miaka 10 kabla ya wenzao. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alikaribia kuiokoa yote. Vijana mnasoma?

Na shisha? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba katika kikao kimoja mvutaji anaweza kuvuta moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Maji huupoza tu, kwa hiyo anauvuta kwa kina na kwa muda mrefu. Nikotini inapita, sumu za saratani zinapita. Kuna na makaa yale ya juu, yanayotoa kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani msimu wa baridi. Shilamu ikizungushwa mdomo kwa mdomo, magonjwa nayo huzunguka.

Uganda, Tanzania na Rwanda zilitangulia kuipiga marufuku. Kenya ilifuata Desemba 2017 kwa kanuni za waziri Cleopa Mailu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliacha marufuku isimame, ila ikaona utaratibu wa kanuni ulikuwa na kasoro, ikatoa miezi tisa zirekebishwe. Hazikurekebishwa. Januari 2024 hakimu wa Shanzu, Mombasa, akawaachilia washtakiwa 48. Mitaani ikawa eti "shisha imeruhusiwa". Kesi ile ilihusu karatasi za serikali, mapafu hayakuulizwa.

Jambo la mwisho ni la mwezi huu. Mtu akikaa saa 12 bila kuvuta, ile kaboni monoksaidi katika damu yake hushuka hadi kiwango cha kawaida. Hapa Machakos saumu ni kama saa 13 na nusu. Yaani kila mvutaji aliyefunga, adhana ya magharibi humkuta damu yake imeshajisafisha na gesi hiyo, kabla hajala hata tende moja. Wakiitana shisha baada ya tarawehe, inaanza upya usiku ule ule.