Projekta, shuka na kivuli: mwanga ulikosafiri

KANIAMA, Haut-Lomami. Kila mara picha zinapoonyeshwa usiku juu ya shuka, mtoto mmoja husimama mbele ya mashini, kichwa chake kinaonekana kikubwa kama nyumba, na watu wote wanapiga kelele: kaa chini! Kivuli hicho kina historia yake.

Tarehe 28 Desemba 1895, huko Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zinazotembea mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kutoka hapo mpango ukawa mmoja karibu kila mahali: mashini nyuma, watu katikati, kitambaa cheupe mbele. Mwanga ulipita juu ya vichwa, na aliyesimama aliuziba.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, mashini hiyo ilipanda lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walitengeneza filamu kule Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, wakazitembeza vijijini na hata katika nchi jirani. Filamu zilikuwa nyembamba, za milimita 16, na sauti ilitoka kwenye sahani ya santuri. Faida yake ilikuwa hii: filamu moja, sahani nyingi, kila moja na lugha yake. Lakini filamu ikikatika na kuungwa, sauti na picha haziendi tena pamoja.

Huku Kongo, reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, leo Ilebo, ilimalizika mwaka 1928. Ilipita Kamina, Kaniama na Luluabourg, leo Kananga. Ni Luluabourg hiyo ambako, katika miaka ya 1950, padri Mbelgiji Albert Van Haelst alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata, mtu mnene, na Pilipili, mtu mwembamba. Waigizaji walikuwa Wakongo, na watu walicheka.

Lakini kicheko hakikufuta jambo moja. Wakati wa Wabelgiji, filamu za kuonyeshwa wenyeji zilichaguliwa kwanza na wakubwa, na mweusi na mzungu hawakukaa pamoja mbele ya kitambaa kimoja. Nyingi zilifundisha: fanya hivi, usifanye vile. Mwenye mashini ndiye aliyeamua watu waone nini. Watazamaji walikuwa na kivuli chao tu.

Baadaye mashini yenyewe ilibadilika. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa kampuni ya Marekani Texas Instruments alivumbua kipande kidogo chenye vioo vidogo sana vinavyogeuka-geuka na kurusha mwanga. Projekta ikawa nyepesi, mtu anaibeba mkononi. Lenzi nazo zikapatikana za kutupa picha kutoka karibu: projekta ikiwa mita moja na nusu tu kutoka kitambaa, picha inaweza kufika upana wa mita tatu.

Katika nchi za matajiri, lenzi hizo zinatumika hata kwa mchezo wa gofu nyumbani. Mchezaji anapiga mpira wa kweli dhidi ya kitambaa kigumu, na uwanja wenyewe ni mwanga tu. Projekta inafungwa juu darini, mbele kidogo ya mchezaji, ili kivuli chake kisianguke kwenye picha na fimbo isiigonge. Ni shida ileile ya mtoto wa Kaniama, ila wao wameitatua kwa kuipandisha mashini juu.

Sheria ya mwanga haina tajiri wala maskini. Ukiisogeza projekta mara mbili mbali, picha inakuwa kubwa mara nne kwa eneo, na mwanga wake unabaki robo. Ukiiinamisha, picha inapanuka upande mmoja. Kwa hiyo shuka linyooshwe vizuri, giza liingie kwanza, mashini ikae karibu na juu ya vichwa, na jenereta iwekwe mbali, nje, kwa sababu moshi wake unaua.

Kwa familia zilizoacha nyumba zao, shuka lililofungwa kati ya miti miwili linaweza kuwakusanya tena watoto wa sehemu mbalimbali mbele ya mpira au somo. Tofauti na zamani, leo swali la nini kionyeshwe linaweza kujibiwa na wale wanaokaa chini kutazama.