Mteremko Kama Mtaji: Usafiri wa Umeme na Mizigo ya Busasamana

Mjadala wa usafiri wa umeme nchini Rwanda umekaa Kigali, na kipimo chake kikuu ni abiria. Makala hii inadai kuwa kipimo hicho hakitoshi. Katika nyanda za juu, teknolojia ya usafiri itahukumiwa kwa namna inavyobeba mzigo, na sekta ya Busasamana, wilayani Rubavu, ni mahali pazuri pa kuipima. Huko udongo wa volkano hustawisha viazi, lakini wanunuzi wengi wako chini, Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu.

Mafanikio ya Kigali hayapingiki. Kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki za umeme jijini mwaka 2019, dereva akibadilishiwa betri kituoni badala ya kusubiri ichajiwe. Mwaka huohuo Rais Paul Kagame alitangaza nia ya kuziondoa pikipiki za petroli. Mwaka 2021 serikali ilisamehe kodi kadhaa kwa magari ya umeme, vipuri na betri zake, na tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli za biashara ya abiria. Kwa nchi inayoagiza mafuta yake kutoka nje, hasa kupitia Mombasa na Dar es Salaam, mwelekeo huu una mantiki ya kiuchumi.

Hata hivyo, mkulima hasafirishi abiria. Ubunifu uliomjali mbeba mizigo wa eneo hili haukutoka kiwandani. Ni chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachojulikana sana Goma, ng'ambo ya mpaka. Mafundi wake walitambua kwamba mazao hushuka na chombo hupanda kikiwa kitupu, hivyo wakaiachia nguvu ya mvutano wa dunia kazi nzito. Kasoro yake ni breki: kipande cha mpira hukandamizwa kwenye gurudumu, na nishati yote ya mteremko hupotea kama joto.

Mota ya umeme inaweza kuiokoa sehemu ya nishati hiyo, kwa kuwa wakati wa kushuka hugeuka jenereta na kuchaji betri. Tuchukue mfano wa chombo ambacho, pamoja na dereva, kina uzito wa kilo 200, kimebeba kilo 200 za viazi na kinashuka mita 500. Mteremko huo hutoa takriban kilowati-saa 0.55. Nusu yake ikirudi kwenye betri, inalingana na nishati ya kukipandisha chombo kitupu kimo hichohicho, kabla ya kuhesabu msuguano wa barabara na upotevu wa mota. Dhana hii imeshajaribiwa kwa kiwango kikubwa: nchini Uswisi, lori la umeme liitwalo eDumper hushusha tani 65 za mawe kutoka machimboni na kujichaji njiani.

Mpinzani atauliza nani atajenga kituo cha betri kijijini penye wateja wachache. Hoja hiyo ni nzito, lakini mteremko wenyewe unaijibu. Betri iliyojaa haiwezi kupokea nishati; anayeanza kushuka na betri kamili atarudi kwenye breki za msuguano. Kwa hiyo kituo kinafaa kuwa chini, Gisenyi, ambako wateja, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wapo tayari. Dereva atapanda na betri iliyochajiwa, atumie sehemu yake njiani, kisha airudishie akiba wakati wa kushuka na viazi. Kikwazo kinachobaki ni bei ya chombo. Hapo SACCO (vyama vya akiba na mikopo) za Umurenge, zilizoanzishwa katika kila sekta kati ya sekta 416 za nchi, zina nafasi ya kukopesha vyama vya ushirika vya wakulima.

Msamaha wa kodi unaotolewa kwa sababu tu chombo ni cha umeme hauoni tofauti kati ya kubeba abiria na kubeba mizigo mteremkoni. Wizara na mamlaka za usafiri zinapaswa kuweka viwango vya uzito wa mzigo, uwezo wa kurejesha nishati na usalama wa breki mteremkoni, kisha kuvifungamanisha na nafuu za kodi. Majaribio yake yafanyike Rubavu, kwa viazi halisi na katika msimu wa mvua, kabla sera ya Kigali haijafanywa sera ya nchi nzima.