Dalili za hatari baada ya kuzibuliwa mirija ya nyongo kwa kamera

Mtu aliyezibuliwa mrija wa nyongo kwa kamera hutoka hospitali bila mshono wala kidonda tumboni. Ndugu wakimwona anatembea, huona kazi imekwisha. Lakini madhara mengi ya tiba hii hujitokeza saa au siku kadhaa baadaye, pengine mgonjwa akiwa ameshapanda basi kurudi kijijini. Katika makala hii tunaeleza madhara hayo, dalili zake na wakati ambao hupaswi kusubiri kupambazuke.

Tiba yenyewe ni ipi?

Ini hutengeneza nyongo, na kongosho hutengeneza maji ya kusaga chakula. Mirija ya viungo hivi viwili humwaga mwanzoni mwa utumbo mwembamba kupitia tundu dogo lenye msuli. Mrija wa nyongo ukizibwa na kijiwe, na saratani au hata na mnyoo mkubwa uliopanda kutoka utumboni, nyongo hukosa njia. Macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka na mwili huwasha.

Daktari hupitisha mpira mrefu wenye kamera mdomoni hadi kwenye tundu hilo. Huingiza waya mwembamba, huweka dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha hutoa kijiwe au huacha ndani kijirija cha kupitishia nyongo kiitwacho stenti. Mara nyingi hukata kidogo msuli wa tundu, njia iliyoanza mwaka 1974 huko Ujerumani na Japani. Kwenye karatasi za hospitali tiba hii huandikwa ERCP. Kwetu Afrika Mashariki hupatikana katika hospitali kubwa chache, nyingi zikiwa mijini.

Madhara manne makubwa

1. Kongosho kuvimba. Hili ndilo hutokea zaidi: kati ya wagonjwa 100, huwapata kama 3 hadi 10. Dalili ni maumivu makali ya tumbo la juu yanayochoma hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Kwa kawaida huanza ndani ya saa 24. Wengi hupona kwa siku chache za kutundikiwa maji na kupewa dawa za maumivu wodini, lakini wachache huugua sana na huweza kufa.

2. Kutoka damu. Huwapata kama 1 au 2 kati ya 100, hasa waliokatwa msuli. Damu inaweza kutoka siku hiyohiyo au hata wiki mbili baadaye. Choo huwa cheusi kama lami, mgonjwa huweza kutapika damu, huona kizunguzungu na kutoka jasho la baridi.

3. Maambukizi kwenye mrija. Dalili ni homa, kutetemeka kwa baridi na macho kurudi manjano. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa kudhani ni malaria. Pima malaria, lakini hata ikionekana ipo, mwambie mhudumu kwamba ulifanyiwa ERCP. Mrija ukiwa umeziba tena, dawa za kuua vijidudu peke yake hazitoshi. Lazima uzibuliwe.

4. Utumbo kutoboka. Hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini ni hatari sana. Tumbo huuma mno, huvimba na kuwa gumu. Wengine huhitaji upasuaji wa haraka.

Koo kuuma kidogo na tumbo kujaa gesi kwa siku moja ni kawaida. Maumivu yanayozidi saa hadi saa si ya kawaida. Usiyatulize kwa vidonge vya dukani au dawa za mitishamba huku ukingoja yapoe.

Stenti ina tarehe yake

Stenti ya plastiki si ya kukaa milele. Kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi mitatu hivi. Ikisahaulika huziba, nyongo hukwama na vijidudu hupanda hadi kwenye damu. Mgonjwa anayejisikia vizuri huona hakuna haja ya nauli ya kurudi mjini, na hapo ndipo stenti husahaulika. Kabla ya kuruhusiwa, uliza: nimewekewa stenti? Ni ya plastiki au ya chuma? Nirudi tarehe ngapi?

Kabla ya kukubali

Uliza kama tiba hii ni ya lazima. Inafaa pale kuna kitu cha kuzibua au kutoa. Kwa kutazama tu, picha za altrasaundi au MRI huonyesha mirija bila kuigusa kongosho. Hatari ya kongosho kuvimba ni kubwa zaidi kwa wanawake, kwa vijana, kwa aliyewahi kuugua kongosho na kwa yule ambaye mrija wake ulikuwa mgumu kuingilika.

Mweleze daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Uliza pia kuhusu diklofenaki au indomethasini inayowekwa njia ya haja kubwa wakati wa tiba, kwani hupunguza hatari ya kongosho kuvimba. Asiyepatana na dawa hizo au mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema.

Ukirudi nyumbani

Kama nyumbani ni mbali, tunashauri ulale karibu na hospitali angalau usiku wa kwanza. Kula pale tu utakaporuhusiwa, ukianza na vitu vya majimaji. Piga picha karatasi zako kwa simu, hifadhi namba ya wodi, na mpe nakala mtu mmoja wa nyumbani.

Ukiona maumivu makali, kutapika kusikokoma, homa ya kutetemeka, choo cheusi, damu au macho ya manjano, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Sema mara tu unapofika: "Nilifanyiwa ERCP," na taja tarehe. Mhudumu wa zahanati hawezi kujua kwa kukutazama, kwa sababu tumboni huna alama. Akijua, ataweza kukutundikia maji na kuandaa rufaa bila kupoteza muda.