Nani anapandisha mtoto darasa? Historia ya pointi kule Masisi na Walikale

Wenzangu, nani kati yetu hakumbuki asubuhi ya 2 Julai? Nguo safi, wazazi pembeni, mkurugenzi anasoma majina: huyu amepanda, huyu arudilie. Tulizani pointi zinatoka kwa daftari tu. Mimi nilijua zaidi siku nilipofundisha mwaka mmoja katika shule ya msingi huko Masisi, nikakaa kwenye kikao cha walimu cha kuamua.

Turudi nyuma kidogo. Serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa mwaka 1974, kisha ikawarudishia usimamizi kwa mkataba wa 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu ikakosekana, migomo ikafunga shule. Ili zifunguliwe, wazazi wakaanza kulipa primu. Ilitakiwa iwe ya muda tu. Ikakaa zaidi ya miaka 25!

Kwa maoni yangu, hapo ndipo pointi ziliharibika. Mwalimu anayekula kwa mfuko wa mzazi anajua: mtoto akirudilia, atahamishwa shule ya jirani, na primu inaenda naye. Na yule mwenye akili lakini asiyelipa, alifukuzwa siku ya mtihani, akapata sifuri. Buletini ikapima mfuko kuliko kichwa.

Kwetu vita ikaongezea. Mwaka 1993 mapigano yalianzia Ntoto, Walikale, yakafika Masisi, na tangu pale watoto wanakimbia katikati ya mwaka. Muzee mmoja, mwalimu wa Walikale, aliniambia: «Mtoto anatoka porini, anasema yuko wa la nne. Karatasi iliungua. Nampa kitabu asome. Akisoma, ni wa la nne.» Nilicheka, lakini sijaona mtihani wa haki kuliko ule.

Kiisha ikaja Septemba 2019. Ile elimu ya msingi ya bure, ambayo Katiba ya 2006 iliahidi katika kifungu cha 43, ikaanza kweli. Watoto wakajaa. Darasa langu lilikuwa na watoto 94, na mimi sikuwa hata kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Utasahihisha insha 94 usiku, na taa gani? Nilitoa maswali ya kweli au uongo. Nakiri.

Sasa kile kikao. Kulikuwa kijana mmoja wa la nne, 47 kwa 100. Alikosa wiki saba juu ya kukimbia. Mwalimu wa la sita alikataa: «Mukimpandisha bila msingi, mtihani wa taifa utamwangusha mbele yangu, na mimi ndiye nitaitwa mwalimu mubaya.» Mama mwalimu wa la kwanza akajibu: «Akirudilia, kesho yuko kwenye mashimo ya koltani Rubaya. Hatamuona tena.» Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana tulibishana mpaka mvua ikanyesha ikaisha.

Tukaongeza pointi tatu. Mimi ndiye niliyeandika 50 kwenye buletini, kwa wino wa bluu.

Mwaka uliofuata nilipita pale. Alikuwa kwenye darasa la tano, benchi la nyuma, anaandika polepole. Jina lake mwenyewe alikuwa bado anakosea herufi moja.